Mrejesho: bomba la akwaria limenyamaza

Wadau, niliuliza namna ya kunyamazisha bomba la maji ya ziada kwenye akwaria yangu (tangi la samaki) hapa Mwanga, Kigoma, lile linaloshusha maji kwenye tangi la chujio chini. Lilikuwa likigugumia usiku kucha, mama watoto akawa halali.

Mliosema ni hewa mlipatia. Bomba lilikuwa linameza maji na hewa kwa pamoja. Nimeweka koki chini, karibu na tangi la chujio, nikawa naifunga kidogo kidogo, nasubiri, naangalia. Maji yakapanda kwenye kisanduku cha akwaria yanakoingia maji ya ziada, mpaka yakafunika mdomo wa bomba, mgugumio ukakatika palepale.

Bomba la pili nimeliacha bila koki, mdomo wake juu kidogo ya maji. La kwanza likiziba, maji yapite huko yasimwagike sakafuni. Hilo msilionee ubahili jamani! Nililijaribu kwa kufunga koki kabisa, likabeba maji yote.

Kilichonisumbua ni ncha ya chini ya bomba la kwanza, ile inayoingia kwenye tangi la chujio: niliizamisha mno, hewa ikawa haitoki pampu ikiwashwa. Nimeikata, imebaki sentimita 2 ndani ya maji. Sasa umeme ukirudi linaanza lenyewe.

Asante sana kaka uliyenielekeza koki. Usiku huu nasikia pampu tu.