Mrejesho: Safari yangu ya Leipzig na mzigo niliouacha

Mwezi Juni niliomba ushauri kuhusu safari ya kwenda Leipzig, Ujerumani, kwa masomo ya miaka miwili, kwa kuwa nilikuwa na masanduku matatu ilhali tiketi iliruhusu moja la kilo 23, na moyoni nilikuwa na kinyongo na kaka yangu kuhusu kiwanja cha marehemu mama. Nawashukuru kwa dhati.

Niliacha sufuria, unga na vitenge sita, nikabeba dagaa wakavu, kwani Umoja wa Ulaya unawazuia abiria watokao kwetu kuingiza nyama na maziwa, lakini samaki wanaruhusiwa. Koti zito nimelinunua hukuhuku, la mtumba. Kanga ya mama, iliyofifia pindoni na ambayo bado inanukia udi, niliifungia kompyuta.

Kuhusu kaka, nilifuata ushauri wa yule aliyesema nisiage kwa simu. Nikitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam nilishuka Morogoro, tukakaa barazani hadi magharibi, tukakubaliana kwamba kiwanja kibaki kilivyo hadi nitakaporudi, kisha akalipima sanduku langu kwenye mzani wa dukani kwake. Lilikuwa na kilo 21.