Mjadala: Antibiotiki bila cheti, na lawama ya uzito unaorudi

Mwendesha mjadala

Hoja iliyo mezani: maduka ya dawa kuanzia Nakuru hadi Busia yazuiwe kabisa kumuuzia antibiotiki mtu asiye na cheti cha daktari. Walioileta wana sababu mbili. Ya kwanza ni usugu wa vijidudu, na hiyo haina wapinzani wengi. Ya pili ndiyo iliyowasha moto: wanadai dawa hizi huua bakteria wema wa utumbo, na ndiyo maana mtu aliyepunguza kilo 20 huzirudisha baada ya dozi mbili tatu za kujinunulia. Sema unaunga au unapinga, kisha leta vipimo. "Nilisikia" hatuitaki hapa.

Mtaalamu wa lishe, Nakuru

Naunga, na kwa sababu zote mbili.

Bakteria wa utumbo mpana huchachusha nyuzinyuzi ambazo tumbo letu lenyewe haliwezi kumeng'enya. Kutokana na kazi hiyo hutoka asidi fupi za mafuta, kama butireti, ambayo hulisha seli za ukuta wa utumbo na kuchangia ishara za shibe. Antibiotiki ikipita, haibagui. Mwaka 2018 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya wanaume 12 wenye afya waliopewa antibiotiki tatu kali kwa siku 4. Bakteria wengi walirudi ndani ya mwezi mmoja na nusu, lakini aina 9 ambazo wanaume wote walikuwa nazo mwanzoni hazikuonekana tena kwa wengi wao hata siku ya 180.

Njoo sasa kwenye uzito. Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, walinenepesha panya, wakawakondesha, halafu wakawarudishia chakula chenye mafuta mengi. Waliowahi kunenepa walinenepa upesi kuliko wenzao. Mwili ulishakonda, lakini bakteria wa utumbo walikuwa bado wale wa unene, na walipohamishiwa panya wasio na bakteria, tabia ile ilihama nao. Mtu aliyekonda juzi yuko katika hali hiyohiyo ya kutotulia. Kumpiga antibiotiki ya siprofloksasini kwa "taifodi" ambayo hakuna aliyeithibitisha ni kumvuruga zaidi.

Afisa wa mifugo, Njoro

Anayebisha kwamba antibiotiki hunenepesha aulize watu wa vyakula vya mifugo. Tangu mwisho wa miaka ya 1940 ilijulikana Marekani kwamba klorotetrasiklini kidogo katika chakula cha vifaranga huwafanya wakue haraka. Biashara hiyo ilienea hadi Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku kuanzia Januari 2006. Marekani nayo ilizuia mwaka 2017 kutumia dawa muhimu kwa binadamu kwa kukuzia mifugo tu.

Jambo jingine ni maziwa lala, yaani mala. Ng'ombe akitibiwa kiwele kwa mirija ya penisilini, na mwenye ng'ombe akapeleka maziwa kabla ya muda ulioandikwa kwenye dawa kuisha, maziwa hayo hayagandi. Bakteria wanaogandisha mala hufa. Wasindikaji huona pipa zima limebaki maji maji lenye harufu mbaya, wakadhani kosa ni la joto. Kiasi kidogo kinachoua bakteria hao katika pipa kinaingia pia tumboni mwa watu, na hakuna aliyewaandikia cheti.

Afisa wa kliniki, Mumias

Naunga marufuku. Sababu ya uzito naipinga, na naomba iondolewe kwenye hoja kabla haijaivunjia heshima ile ya kwanza.

Utafiti wa Weizmann una sehemu ambayo mwenzangu wa Nakuru ameiruka. Watafiti walipowapa panya wale antibiotiki nyingi kiasi cha kufagia bakteria, kule kunenepa upesi *kulitoweka*. Kwa ushahidi huo mtu angeweza kudai kinyume kabisa, kwamba antibiotiki huzuia uzito kurudi. Nisingedai hivyo pia, maana huyo ni panya.

Kuku naye ni mtoto anayekua, anakula chakula kilichopimwa, kila siku, kwa wiki kadhaa, na faida ilionekana zaidi mabanda yalipokuwa machafu. Mtu mzima wa Shibuye aliyemeza amoksisilini ya siku 5 hana anachofanana nacho. Kwa watoto wadogo ndiyo, zipo takwimu zinazohusisha antibiotiki za mapema na unene kidogo baadaye, lakini mtoto anayepewa dawa mara nyingi ni mtoto anayeugua mara nyingi, na kutenganisha hayo mawili ni kazi.

Uzito unarudi kwa nini basi? Kwa sababu mwili unapigania kilo zake. Kwa kila kilo iliyopungua, matumizi ya nishati hushuka kwa kadiri ya kilokalori 20 hadi 30 kwa siku, na hamu ya kula hupanda kwa takriban 100. Angalia hesabu hiyo vizuri: njaa ina nguvu mara tatu au zaidi kuliko kule kushuka kwa matumizi. Leptini, homoni ya shibe, hushuka; ghrelini, homoni ya njaa, hupanda; na vipimo vya Australia vilivyochapishwa mwaka 2011 vilikuta homoni hizo bado hazijatulia mwaka mzima baada ya kukonda. Washindani 14 wa shindano la runinga la kupunguza uzito huko Marekani walipopimwa baada ya miaka 6, miili yao ilikuwa ikichoma takriban kilokalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa. Waliotumia sindano za kupunguza uzito za semaglutidi wakaziacha walirudisha wastani wa theluthi mbili za walichopoteza katika mwaka mmoja. Hakuna antibiotiki popote katika habari hiyo.

Sasa, kwa nini watu wanaapa kwamba waliona kwa macho yao kwenye mizani? Kwa sababu waliona kweli. Mgonjwa hali, anahara, anapoteza maji. Glikojeni, yaani akiba ya wanga ya misuli na ini, inatumika, na kila gramu ya glikojeni hubeba takriban gramu 3 za maji. Flagyl (metronidazoli) nayo huacha ladha ya chuma mdomoni hata ugali hauliki. Siku ya dawa kuisha, mtu anarudi kwenye sahani: kilo moja hadi mbili zinaingia ndani ya siku chache, karibu zote maji na chakula kilicho njiani. Anayejipima siku ya mwisho ya ugonjwa na tena Jumapili inayofuata atailaumu tembe. Jipime asubuhi moja kila wiki, baada ya choo, kabla ya chai, na linganisha wastani wa wiki 4.

Vivyo hivyo kwa wanaotibiwa *H. pylori*, bakteria wa vidonda vya tumbo. Ni siku 14 za omeprazoli, amoksisilini gramu 1 na klarithromaisini miligramu 500, kila moja mara mbili kwa siku. Wengine huongeza uzito kidogo baadaye. Tumbo limeacha kuwaka, mtu anakula tena.

Mfamasia, Kondele

Afisa wa Mumias amesema mengi ninayokubaliana nayo, ila amesahau bahasha.

Dawa nyingi za "mchanganyiko" hutolewa katika bahasha ya karatasi isiyo na jina wala nguvu ya dawa: tembe nyeupe mbili, ya manjano moja, kutwa mara tatu. Humo mara nyingine hutiwa prednisoloni au deksamethasoni ili mteja ajisikie vizuri upesi. Hizo ni steroidi. Huongeza hamu ya kula, hushikilia chumvi na maji, na zikitumiwa mara kwa mara hupeleka mafuta usoni na tumboni na kupandisha sukari. Saiproheptadini nayo huuzwa waziwazi kwa wanaotaka kunenepa. Mtu akiniambia alipanda kilo 4 "baada ya antibiotiki", swali langu la kwanza ni kama aliona jina la kila tembe. Kila tembe itoke na jina, nguvu na kipimo. Sharti hilo pekee lingeokoa viuno vingi kuliko marufuku yenyewe.

La pili ni hii tabia ya kushushia dawa kwa mala eti kulinda tumbo. Kalisi (kalsiamu) ya maziwa hushikana na siprofloksasini na kuizuia isiingie yote kwenye damu. Doksisaiklini nayo huathirika. Matokeo ni dozi pungufu kwenye damu, kijidudu kimejeruhiwa lakini hakijafa. Meza siprofloksasini saa 2 kabla ya maziwa au saa 6 baada yake. Vidonge vya madini ya chuma na zinki, hivyohivyo. Amoksisilini haina shida na maziwa.

Na wanaouza vidonge vya bakteria wema kwa bei ya mbuzi wajue kwamba mwaka 2018 utafiti mwingine wa Weizmann, huu wa watu, ulikuta kuvimeza baada ya antibiotiki *kulichelewesha* bakteria wa mtu mwenyewe kurudi. Vina faida ya kupunguza kuhara wakati wa dawa, hasa *Saccharomyces boulardii*, ambayo ni hamira na antibiotiki haiigusi. Kuzuia kuhara ni jambo moja, kujenga upya utumbo ni jingine.

Kuhusu marufuku: nusu nusu. Nitarudi.

Mhudumu wa afya ya jamii, Budalang'i

Napinga.

Mnaongea kama watu wenye hospitali upande wa pili wa barabara. Mto Nzoia ukivunja kingo, zahanati iko ng'ambo ya maji na duka la dawa liko hapa. Hata kiangazi, mama anaweza kufika zahanati akaambiwa anunue nje. Mkifunga mlango wa mbele wa kemisti, amoksisilini itauzwa sokoni juu ya gunia kando ya omena, au itavuka mpaka kutoka Uganda, au mtu ataenda agrovet kununua oksitetrasiklini ya ng'ombe. Huko hakuna hata wa kumuuliza kama ana mimba.

Mkitaka antibiotiki zipungue, anzeni na kuhara, maana Flagyl nyingi huishia hapo. Kuhara kwa majimaji bila damu mara nyingi hakuhitaji antibiotiki. Mtoto anahitaji ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, iliyochanganywa na kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti wala si kwa kukisia, na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Chini ya miezi 6, miligramu 10. Makosa ni mawili: maji machache, ORS inakuwa chumvi kali, na zinki kuachwa siku ya tatu kwa sababu choo kimekauka. Damu kwenye choo, homa kali, au macho yaliyozama, hapo ndipo tunakimbia.

Mtaalamu wa lishe, Nakuru

Ndugu wa Mumias, panya wa Weizmann walifagiwa kwa mchanganyiko ambao hakuna kemisti anayeutoa, kwa hiyo hauthibitishi lolote kuhusu dozi za nusu nusu zinazorudiwa kila miezi michache. Bado nashikilia kwamba tumbo linalovurugwa ni mzigo wa ziada kwa mtu anayepigana na njaa uliyoieleza mwenyewe. Sijasema ni mzigo wote.

Na kama mnakubali njaa ndiyo adui, basi tuzungumze sahani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina zaidi ya 10. Unga wa posho wa mahindi yasiyokobolewa unashinda wa gredi 1, na ugali wa mtama au wimbi ni bora zaidi. Managu, saga, mrenda, kunde: nusu ya sahani, na mafuta yapimwe, kwa sababu kijiko kimoja kikubwa ni kilokalori 120 na mpishi wa kawaida hamimini kimoja. Ongeza nyuzinyuzi polepole, takriban gramu 5 kila wiki. Anayeruka kutoka mkate mweupe hadi githeri mara mbili kwa siku, tena mara tu baada ya antibiotiki, atajaa gesi na kuacha. Loweka maharagwe usiku kucha na umwage maji.

Utafiti wa Stanford wa mwaka 2021 ulikuta vyakula vilivyochachushwa, kwa wiki 10, viliongeza aina za bakteria tumboni na kushusha dalili za uvimbe kwenye damu. Mursik (maziwa ya kienyeji yaliyochachushwa) na mala zisizotiwa sukari zinaingia humo. Uji uliochachushwa ni mzuri kwa mengine, ila ukishauchemsha bakteria wake wamekufa. Protini iwe kama gramu 1.2 kwa kila kilo ya mwili, na mwendo dakika 200 hadi 300 kwa wiki. Boda boda haihesabiwi.

Mfamasia, Kondele

Nimerudi na ile nusu yangu. Sheria ya Famasia na Sumu ya Kenya tayari inadai cheti. Tunachobishania ni ukaguzi uelekezwe wapi kwanza. Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki makundi matatu: za kutumia kwanza, za kuangaliwa, na za akiba. Siprofloksasini na azithromaisini ziko kwenye za kuangaliwa, na ndizo zinazotoka kama peremende. Wakaguzi waanze na hizo: bila cheti, haziuzwi, na daftari lionyeshe. Amoksisilini ifuate pale tu zahanati ya karibu ina akiba.

Pia kila mnunuzi aambiwe jambo moja kaunta. Akihara majimaji mara 3 au zaidi kwa siku, wakati wa dawa au hata wiki kadhaa baadaye, pamoja na homa au maumivu ya tumbo, asinunue loperamidi, dawa ya kufunga kuhara. Aende apimwe *C. difficile*, bakteria anayeshambulia utumbo baada ya antibiotiki.

Mhudumu wa afya ya jamii, Budalang'i

Kwa mpango huo wa kuanza na siprofloksasini siko mbali nanyi. Lakini "ina akiba" nani atathibitisha? Dawa za zahanati ziko chini ya kaunti. Orodha ya akiba ibandikwe mlangoni kila Jumatatu, ndipo mkaguzi aruhusiwe kumgusa mwenye duka.

Afisa wa kliniki, Mumias

Na hivyo vyeti vyenyewe? Siprofloksasini nyingi hutoka kwa kipimo cha Widal, cha kutafuta kingamwili za taifodi kwenye damu, kilichofanywa mara moja, bila kukuza vijidudu vya damu, katika eneo ambalo watu wengi wana kingamwili za zamani. Kipimo kinasema "taifodi", cheti kinaandikwa, duka linauza kihalali kabisa. Marufuku yenu haimgusi huyo.