Tupeane uzoefu: kitabu gani kilikuuma, na uliandika nini kwenye daftari lako?

Wapendwa, habari za leo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, na kuna jambo limenikaa moyoni. Tunasoma vitabu vilivyojaa mateso, halafu tunayapita kama vile tunahesabu magunia.

Chukueni riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Kwanza ilizuiwa mashuleni, baadaye ikaja kuwa kitabu cha kiada. Nilipoifikisha darasani wanafunzi walinijibu haraka: dhamira ni ulevi, malezi mabaya, nafasi ya mwanamke. Majibu sahihi yote. Lakini Rosa amejiua, na darasani hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Nilirudi nyumbani nimeumia.

Kipindi kilichofuata sikuuliza dhamira. Nilisema: chukueni daftari jingine, si la somo. Andikeni kwa dakika 10 ni wapi mlishindwa kuendelea kusoma, na nini kiliwapitia. Sisahihishi, sikusanyi. Anayetaka atasoma, asiyetaka atasema "napita".

Binti mmoja alisoma mistari yake mitatu: "Nilisimama pale Zakaria, baba yake, anapompiga Rosa kwa ajili ya barua. Sikuendelea mpaka kesho yake. Nilikuwa nasikiliza mlango."

Hakuna aliyemuuliza mlango gani. Mvulana wa nyuma akasema mama yake Rosa angeondoka tu na watoto wake. Binti mwingine akamuuliza, "Aende wapi?" Hapo ndipo mjadala ulipoanza kweli, na kengele ikalia hatujamaliza. Yule wa mlango nilimtafuta baadaye, tukazungumza wawili, kisha nikamuunganisha na mwalimu wa ushauri nasaha. Ukifungulia watu daftari, uwe tayari na la kufanya baada ya hapo.

Karibuni, tupeane uzoefu.

Mchangiaji, Mombasa

Shukrani mwalimu. Sisi ni watu wanne, twakutana barazani baada ya Isha. Tulisoma Sauti ya Dhiki, diwani ya mashairi ya Abdilatif Abdalla. Mwajua alifungwa mwaka 1969, miaka mitatu, kwa ajili ya waraka wake wa kuikosoa serikali, "Kenya: Twendapi?", na mashairi mengi aliyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni. Kwa hiyo tulikubaliana kila mmoja anakili shairi kwa mkono wake kabla ya kusema lolote. Kunakili kwakulazimisha kwenda pole. Jicho huruka ubeti, mkono hauruki. Chini ya shairi waandika lako, hata kama ni neno moja.

Tulipofika shairi la "Siwati", yaani siachi nililolishika, mimi niliandika ukurasa mzima juu ya ushujaa. Mzee wetu aliandika sentensi moja, akatusomea: "Huyu alijua kwa nini yumo ndani, mimi mwanangu alichukuliwa na bahari, nami sijui kwa nini."

Nilifunga daftari langu. Usiku ule tulibishana kwa upole mpaka saa tano: je, dhiki uliyoipata kwa kushikilia neno lako yaweza kumfariji aliyepatwa na dhiki asiyoichagua? Mwenzetu mmoja alisema ndiyo, kwa kuwa wote wawili wamo ndani ya usiku mmoja. Mzee hakukubali. Lakini wiki iliyofuata alikuja na shairi zima amelinakili, herufi nzuri, wino wa buluu, na tangu hapo hakosi.

Mchangiaji, muuguzi

Naomba niseme upande wa pili. Nilipokuwa chuoni tuliambiwa tuandike tunavyojisikia kuhusu mhusika aliyefiwa. Niliandika habari za mdogo wangu. Mkufunzi akalichukua daftari langu, akalisoma mbele ya darasa kama mfano mzuri. Alikuwa na nia njema, najua. Nilikaa miaka sita bila kuandika kitu ambacho si ripoti ya kazi. Kwa hiyo mwalimu, hilo neno "sikusanyi" ulilowaambia watoto, lishike sana. Nimeanza tena mwaka huu. Kaunta buku, naificha kabatini chini ya kanga.

Mchangiaji, Ukerewe

Mimi ni wa kisiwa hicho hicho cha Rosa. Nilijaribu kuandika kuhusu mama yake kwa Kiswahili, kila sentensi ikatoka kama jibu la mtihani: "mama huyu amechorwa kama mwanamke mvumilivu". Nikaghadhibika. Nikageuza, nikaandika Kijita, anavyoongea bibi yangu akiwa jikoni peke yake. Nililia kabla ukurasa haujaisha. Sikujua kuwa namjua yule mama.

Mwanzisha mada

Asanteni sana. Wa Ukerewe, umenifungua macho, maana darasani kwangu wamo Wasukuma, Wagogo, Wahaya, na sikuwahi kuwaambia kwamba wana ruhusa. Jumatatu tunaendelea na sura ya mwisho. Nitawaambia waandike kwa lugha wanayolilia nyumbani, halafu nitaleta hapa yale tu watakayoniruhusu wenyewe.