Blenda, cha kupondwa au vipande vya mkononi: kipi kimfae mtoto anayeota meno?

BintiChumbageni
Assalaam aleikum wazazi wenzangu. Mwanangu ametimiza miezi minane na meno mawili ya chini yameanza kuchungulia. Tangu aanze kula nimekuwa nikimpa uji wa lishe, pamoja na viazi au ndizi nilizosaga kwa blenda mpaka zikalainika kabisa. Mama mkwe ananiambia niendelee hivyo mpaka magego yatoke, kwani mtoto asiye na meno hatafuni. Wifi yangu naye anasisitiza niache kijiko, nimwekee mtoto vipande ajilishe mwenyewe. Jirani yangu anaponda kwa mwiko tu na mtoto wake amenawiri. Naomba kujua kutoka kwa waliolea hapa Tanga ni njia ipi kati ya hizo tatu humfundisha mtoto kutafuna bila kumtia hatarini, na apewe nini siku ambazo fizi zinamuuma na hataki kula.

MamaMapacha_Makorora
Waaleikum salaam, dada. Kwa heshima zote kwa mama mkwe, magego ya kwanza kwa kawaida hutoka kati ya miezi 13 na 19, na meno yote 20 ya utotoni hukamilika mtoto akikaribia miaka mitatu, kwa hiyo ukiyasubiri utakuwa umechelewa sana. Meno ya mbele kazi yake ni kukata. Kusaga chakula mtoto wa umri huo hukufanya kwa fizi, ambazo ni ngumu kuliko tunavyodhani, na aliyewahi kung'atwa akinyonyesha hahitaji ushahidi zaidi.

Blenda inafaa majuma ya mwanzo, mtoto anapotimiza miezi sita na kuanza kujifunza kumeza kitu kisicho maziwa. Ikizidi hapo ina kasoro mbili. Kwanza, chakula hupita moja kwa moja kooni, hivyo ulimi haujifunzi kukisukuma pembeni wala taya halizoei kufanya kazi. Pili, ili kisu kizunguke lazima uongeze maji, na tumbo dogo la mtoto hujaa maji kabla halijapata lishe. Kupondwa kwa mwiko au uma kunabakiza vibonge, na uzuri wake ni kwamba unaweza kupunguza kuponda kidogo kidogo kadiri mtoto anavyozoea. Vipande vya mkononi humfundisha kushika, kung'ata na kujua kiasi cha kutia kinywani, lakini nusu ya chakula huishia sakafuni, na mtoto anaweza kufyonza muhogo mchana kutwa asiguse nyama wala maharage yenye madini ya chuma anayoyahitaji zaidi baada ya miezi sita.

Kwa hiyo mimi ningechagua kuponda kuwe ndio msingi wa mlo, na vipande viwili vitatu viwekwe pembeni kila anapokula. Blenda ningeirudisha kabatini leo. Mtoto anayecheleweshwa vibonge kupita miezi tisa au kumi mara nyingi huwa mgumu kuvikubali baadaye.

BabaSahare
Nakubaliana na hayo kwa sehemu kubwa, ila suala la vipande linanitia hofu kwa sababu ya kupaliwa. Naomba wenye ujuzi watueleze vipimo, kwa kuwa neno "kipande" kila mtu analielewa kwa namna yake.

Kuhusu samaki ninaweza kuchangia, kwani huku kwetu Sahare ndio kitoweo cha kila siku. Mtoto anayeanza apewe samaki mwenye miiba michache na mikubwa, kama nguru, na si mwatiko, ambaye ana miiba mingi midogo isiyoonekana kwa urahisi. Mchemshe bila pilipili, mwache apoe, kisha mchambue kwa vidole mahali penye mwanga, nyuzi moja baada ya nyingine, na ulichochambua ukipitishe tena vidoleni. Macho hudanganya pale ambapo ncha ya kidole haidanganyi. Dagaa waliokaushwa ni rahisi zaidi, kwa sababu husagwa wazima pamoja na miiba yao wakawa unga, ukachanganywa kwenye kiazi kilichopondwa.

BibiWaPongwe
Wanangu, mimi nimelea watoto na wajukuu bila blenda, na sioni kwa nini jambo hili limekuwa zito. Tulikuwa tukipika mbaazi za nazi, na kabla ya chumvi na pilipili kuingia chunguni, tunachota za mtoto tunaziponda. Muhogo vivyo hivyo, ukiiva vizuri kwa tui unapondeka wenyewe, mradi uutoe ule uzi wa katikati. Boga na viazi vitamu ndio usiseme.

Siku za kuumwa fizi tulimpa mtoto kokwa la embe dodo lililoachwa nyama kidogo alifyonze akiwa mapajani, au kipande cha muwa. Sisi hatukumpa uji mwepesi wa kunywa kama chai. Uji wa mtoto ukiuinamisha kwenye kijiko unapaswa kusitasita kabla ya kudondoka.

MhudumuWaAfya_Muheza
Shikamoo, Bibi. Kuhusu uzito wa uji umesema kweli tupu. Kokwa la embe dodo silipingi, maadamu ni kubwa lisiloweza kuingia kinywani na mtu mzima yuko karibu, lakini muwa naomba tuuache. Mtoto huunyofoa nyuzi zinazoweza kumkaba, na utamu wake si rafiki wa meno mapya.

Ndugu BabaSahare, kipimo cha ulaini ni kukibana kipande kati ya kidole gumba na cha shahada, na kisipopondeka papo hapo kirudi chunguni. Ukubwa uwe wa kidole cha mtu mzima, kwa sababu mtoto wa miezi sita hadi minane hushika kwa kiganja kizima na huhitaji ncha ya kung'ata itokeze nje ya ngumi. Akikaribia miezi tisa huanza kuokota kwa vidole viwili, na hapo ndipo vipande vidogo vinapofaa. Karanga nzima, bisi, peremende, karoti mbichi na zabibu nzima zisimkaribie, na wala karoti hiyo isitumike kama cha kung'ata fizi, kwa sababu meno mawili tu yanatosha kukata kipande kigumu. Asali isubiri mpaka mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya sumu ya botulizimu.

Mtoto akae wima anapokula, asilishwe akiwa amelala wala akitambaa. Anayejifunza atajikakamua kama anayetaka kutapika, atakohoa na uso utamwiva. Huyo anajisaidia mwenyewe, mwache. Wa kuhofia ni yule aliyenyamaza ghafla, asiyeweza kukohoa wala kulia. Akiwa chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini ya kifua, umpige mgongoni mara 5 katikati ya mabega, kisha umgeuze na kumbonyeza katikati ya kifua kwa kitako cha kiganja kimoja mara 5, ukirudia huku mwenzako akitafuta msaada. Usichokoe koo kwa kidole kwa kubahatisha, utakisukuma zaidi.

Kwa maumivu, kitambaa safi kilicholowekwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, kikakaa kwenye friji bila kuganda, kinatosha. Jeli za ganzi zenye benzokaini tuziepuke, kwani mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2018 zisitumiwe kwa walio chini ya miaka miwili, kwa sababu zinaweza kuizuia damu kubeba oksijeni.

Naongeza jambo ambalo hakuuliza dada. Kuota meno humfanya mtoto atoe udenda na kulialia, lakini homa ya nyuzi 38 au zaidi na kuharisha si dalili zake. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya, na anayeharisha apewe ORS na zinki. Wapo wanaomtazama fizi wakasema ana "meno ya plastiki", wakamchokonoa kwa chombo kichafu. Wanachotoa ni vichipukizi vya meno yake halali, na watoto hupoteza damu na hupata maambukizi yanayoweza kuua.

BintiChumbageni
Nimewashukuru nyote. Limebaki moja: siku akikataa kijiko kabisa, nimshikilie ale?

MamaMapacha_Makorora
Usimshikilie, dada. Mnyonyeshe zaidi, kisha mpe boga lililopoa au parachichi lililopondwa, kidogo kidogo na mara kwa mara. Fizi zikitulia baada ya siku chache hurudi kula. Nyama nayo usimpe mnofu, kwani bila magego ataufyonza na kuuachia kooni. Mpe ya kusaga iliyopikwa na supu yake, au maini yaliyopondwa. Na jino lile la kwanza lipigwe mswaki mara mbili kwa siku, dawa yenye floraidi isizidi ukubwa wa punje ya mchele.