Naomba ushauri: mwanangu ana udata, akatwe au tusubiri?

Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana wiki 5 na ana udata, yaani ulimi umeshikwa na kiuzi cha chini yake. Akilia naona kile kiuzi cha chini ya ulimi kimeuvuta hadi ncha imebonyea katikati kama kopa. Akinyonya anateleza, anaachia, anaanza upya. Chuchu zimechanika na uzito wake unapanda kwa shida. Mkunga alinirekebishia namna ya kumpakata, nafuu ikawa ndogo. Bibi yake anataka akatwe hicho kiuzi ili asije kuchelewa kuongea, lakini wengi wenye udata huongea vizuri tu bila kukatwa. Mimi kinachoniumiza ni kunyonya. Daktari anasema kukata ni dakika chache. Mliopitia hili, kunyonya kulibadilika baada ya muda gani? Damu je?