Vijana wa usharika tunataka kumjengea bibi nyumba Old Moshi. Hela hii inatosha? Na suala la kihamba (shamba la ukoo la Wachaga)?

KatibuVijana
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa vijana kwenye usharika mmoja hapa Moshi mjini. Mwaka huu vijana wamekataa ziara. Wamesema hela ya basi na ya fulana iwekwe pamoja tumjengee mtu nyumba. Baada ya minada kadhaa ya ndizi na kuku pale nje ya kanisa tumefikisha shilingi 3,400,000.

Aliyependekezwa ni bibi mmoja mjane huko juu Old Moshi. Anaishi na wajukuu watatu kwenye kibanda cha mbao. Ukiwa ndani unaona migomba ya nje kupitia nyufa. Mvua ikinyesha usiku anawahamishia watoto kona ya jikoni, maana ndipo kutu haijatoboa bati.

Mpango wetu ni vyumba vitatu na sebule, tujenge wiki ya Pasaka kwa kuwa wanafunzi na wafanyakazi wanakuwa nyumbani. Tuko kama 40. Mafundi tulionao ni wawili, na mmoja ni fundi umeme.

Kingine: siku tuliyokwenda kupima alikuja shemeji yake, mdogo wa marehemu. Alitusalimia vizuri tu, akasema, "Jengeni, Mungu awabariki, ila mjue hiki kihamba ni cha ukoo." Mchungaji anasema tusimjali. Mimi halijanitoka kichwani.

Mkosoaji wa Pasua
Mtajenga au mtapiga picha? Nauliza kwa nia njema. Hawa Habitat for Humanity, walioanzishwa Marekani 1976 na Millard na Linda Fuller baada ya kujaribu kazi hiyo Zaire, wana kanuni moja naipenda: mwenye nyumba anatoa jasho kwenye nyumba yake mwenyewe. Huyo bibi na watu wake watatoa nini? Mkimjengea huku amekaa kwenye kigoda anawatazama, nyumba itaitwa ya kanisa mpaka siku anakufa.

Fundi Mstaafu
Katibu, nimejenga huko milimani toka Marangu hadi Machame, tangu enzi ukiuziwa bati la geji 28 ni geji 28 kweli. Nisikilize.

Pasaka futa. Haiji kabla ya Machi 22 wala haivuki Aprili 25, na huko juu hicho ndicho kipindi masika imekolea. Lori halitapanda, mtaro wa msingi utajaa maji, na vijana 40 watashinda jikoni kwa bibi wakimmalizia chai. Anzeni Januari, kuta zifike linta (mkanda wa zege juu ya madirisha na milango) Februari, muezeke kabla mvua hazijaanza. Mkichelewa, bora msubiri Juni.

Vyumba vitatu na sebule kwa hela hiyo mtaacha gofu. Nimeyaona mengi: kuta zimeishia kwenye madirisha, magugu yameota ndani, mwenyewe bado analala kwenye kibanda kilekile. Jengeni mita 6 kwa 4, mgawe katikati, baraza itafuata siku nyingine. Kwa tofali za nchi 6 hesabuni kama 550 pamoja na zitakazovunjika. Bati za mita 3 kama 22, na kofia za kufunika mgongo wa paa. Mkifyatua tofali wenyewe, mfuko wa kilo 50 usitoe zaidi ya 30. Kuna wajanja watawaambia 45. Hizo ukizinyanyua, kona inabaki mkononi.

Tofali zikishatoka zifunikwe kwa majani ya migomba na zimwagiliwe asubuhi na jioni wiki nzima. Hiyo ni kazi ya vijana, na ndiyo kila mtu huikimbia, maana haina picha nzuri (Mkosoaji, hapo nakuunga mkono).

Sasa thamani ya watu 40 iko wapi. Lori litaishia barabarani. Toka pale hadi kwa bibi ni kichwani. Mkilipa vibarua wapandishe mchanga na mawe kwenye mteremko ule, hela imekwisha kabla tofali la kwanza halijakaa. Bebeni nyie. Chimbeni msingi, choteni maji ya mfongo (mfereji wa asili), pondeni kokoto, chimbeni shimo la choo. Choo mmekisahau, nimeona. Ombeni mwenyekiti wa kitongoji atangaze msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, majirani watakuja na majembe yao.

Kona, linta na paa waachieni mafundi, na muwalipe. Fundi wa bure huja siku anayotaka yeye. Wapeni vijana wawili wenye nia wakae karibu nao wajifunze. Msije wote kila siku: kumi kwa zamu wanatosha, wengine mtagombania koleo. Siku ya zege la linta ndipo muite wote, mpange mstari wa ndoo, maana likianza kumwagwa halisimami katikati. Na ndala marufuku. Saruji mbichi inakula ngozi.

Mama Msaidizi wa Sheria
Fundi kamaliza ya saruji, nami niseme ya ardhi. Huyo shemeji kawapa taarifa ya maana kuliko mchungaji wenu.

Swali moja kwanza: wajukuu hao ni wa mtoto wa kiume au wa binti? Kama ni wa binti, maneno yataanza siku ya matanga ya bibi, na nyumba mliyojenga itakuwa ndiyo chanzo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili. Vizuri kabisa. Lakini sheria iko kabatini na shemeji yuko mlangoni.

Krismasi ukoo wote utakuwa nyumbani, wa Dar, wa Arusha, hadi wa Mwanza. Ombeni kikao Desemba 26 au 27 kabla hawajaanza kufunga mizigo. Muhtasari uandikwe: sehemu gani ya kihamba ni ya bibi, mipaka ioneshwe kwa masale (mmea wa mipaka wa Wachaga), na baada yake nyumba inabaki kwa nani, kwa majina. Shemeji awe wa kwanza kusaini. Mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji washuhudie na kugonga muhuri. Baada ya hapo ulizieni hati ya hakimiliki ya kimila pale ofisi ya kijiji. Bila muhtasari huo msishushe hata toroli moja ya mchanga.

KatibuVijana
Shikamoo Fundi, shikamoo Mama. Wajukuu ni wa binti, kwa hiyo mmenigusa penyewe. Binti anauza mbogamboga mjini na amesema siku za kazi atapanda aje abebe mawe nasi. Bibi mwenyewe ametoa mawe yote yaliyolundikwa nyuma ya migomba tangu enzi za mumewe, na kasema kiburu (ndizi na maharage) cha mchana ni juu yake, tusithubutu kuja na mikate. Mkosoaji, nadhani hapo jasho limeonekana.

Jumapili tunakwenda kwa shemeji, wazee wawili wa kanisa na mimi. Mchungaji amekubali tusijenge Pasaka, ingawa ameniuliza mara mbili huyu Fundi ni nani.

Fundi Mstaafu
Marahaba. Mwambie ni muumini wa Himo anayekaa benchi la nyuma. Kwa shemeji msiende mikono mitupu, sukari kilo mbili inatosha. Nina kalibu mbili za kufyatulia tofali za nchi 6 na koleo nne hapa nyumbani, nitumie ujumbe mje mchukue. Mzirudishe zimeoshwa.