Naombeni ushauri: Jumapili nawaza mbinguni, Jumatatu saa tatu asubuhi nishasahau kila kitu

MsafiriBado (mleta uzi)

Shalom wapendwa, na wengine wote habari zenu. Huwa nasoma tu humu na kupita kimya kimya ila leo imebidi niandike, limenifika shingoni.

Mi ni mkristo, nimeokoka miaka 11 sasa, nina mke na watoto 2. Tatizo langu sio dhambi kubwa ya kuitaja hapa, ingekuwa hivyo afadhali ningejua pa kuanzia. Tatizo ni kwamba umilele kwangu ni kitu cha Jumapili. Ibadani naimba mpaka machozi, naona dunia si kitu, afu Jumatatu saa tatu nimenuna kwa sababu mtu kanijibu barua pepe vibaya.

Sasa kilichoniamsha. Miezi miwili nyuma tulifiwa na mwenzetu ofisini, mtu wa meza ya jirani kabisa, Ijumaa tumetaniana Jumatatu hayupo. Wiki ile nilikuwa mtu mwingine jamani, nilimpigia kaka yangu tuliyenuniana muda mrefu, nikacheza na watoto simu iko chumbani, nikawa najisemea kweli Yakobo hakukosea kutuita mvuke. Nikajua nimepona huu ugonjwa. Wiki ya tatu ikatangazwa nafasi aliyoiacha marehemu, akapewa kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, na hapo ndo nikaona rangi zangu. Silali. Yaani kiti cha mtu niliyemzika na kumlilia ndo kinaninyima usingizi, mnaielewa hiyo?

Nikajaribu kujirudi, nikawa nikifika nyumbani nafunga mlango nasoma Neno saa nzima ili akili irudi juu. Mke wangu kavumilia siku nne, ya tano akanambia "huko mbinguni ukifika utaulizwa watoto uliwaacha sebuleni na nani." Nikachukia, afu nikaona ana pointi.

Wakolosai 3:2 inasema yafikirini yaliyo juu. Sawa, naomba mnambie mnafanyaje Jumatano mchana, bosi kakasirika, simu inalia, mtoto anaumwa? Niombe zaidi? Nipunguze kazi? Msinitumie mistari tu, mistari ninayo.

Askari wa Zamu

Mkuu unaipenda dunia ndo shida yako, 1 Yohana 2:15 iko wazi. Huwezi kutumikia mabwana wawili. Acha hiyo kazi umtumikie Mungu moja kwa moja uone kama utawaza vyeo tena. Nimemaliza.

Mama_wawili

Hujamaliza, rudi hapa 😂 Aache kazi watoto walipiwe ada na nani, na wewe? Paulo mwenyewe alikuwa anashona mahema, Matendo 18:3, na waraka wa pili kwa Wathesalonike unaonyesha kulikuwa na watu pale wameshtushwa na habari kwamba siku ya Bwana imeshafika, na humo humo kuna wengine hawafanyi kazi wanazurura tu na kujishughulisha na mambo ya wengine. Hakuwaambia hongereni mna mtazamo wa milele. Alisema asiyetaka kufanya kazi na asile.

Mleta uzi msikilize mkeo. Mi mume wangu alikuwa na huo mtindo wa kujifungia, nikawa nalea peke yangu na mtu wa rohoni yuko chumba cha pili. Uchungu wake huujui.

Fundi_Kimya

Ndugu umesema usitumiwe mistari lakini huo uliouleta wewe hujaumaliza, samahani kwa kusema hivyo. Usiishie mstari wa 2, endelea kushuka. Mi nilitegemea baada ya "yaliyo juu" Paulo aanze kueleza malaika na viti vya enzi, wapi, anaenda kwenye hasira, uongo, matusi mdomoni, halafu waume wapendeni wake zenu msiwe na uchungu nao, akina baba msiwachokoze watoto wakakata tamaa, halafu watumwa. Mtu anayewaza ya juu kwa Paulo unamtambua sebuleni na kazini, hata mlango hujafunga.

Na hapo kwa watumwa kaa kidogo. Mtumwa hana promosheni ya kusubiri, hana hata mshahara, akifanya vizuri anayesifiwa ni bwana wake. Huyo ndo anaambiwa lo lote mfanyalo lifanyeni kwa moyo kama kwa Bwana, mkijua mtapokea kwa Bwana ujira wa urithi. Mtumwa kurithi! Kwa sheria za wakati ule mtumwa alihesabika mali, yeye ndo alikuwa anarithiwa. Kwahiyo umilele pale haukumtoa kazini, ulibadilisha anayemfanyia kazi.

Mi ni fundi umeme. Nyaya zangu zikishapita ukutani inakuja plasta inafunika, hakuna jicho litaona tena. Nikiunga ovyo nyumba inaweza kuungua miaka 15 mbele na hakuna atakayekumbuka jina langu. Siku nimechoka na mwenye nyumba kanipunja hela, kile kiungo kimoja cha mwisho, ndo hapo imani yangu inapimwa, sijawahi kupimwa hivyo kwenye mkesha.

Chumvi_kidogo

Mi sio mtu wa kanisa sana naomba kuuliza kwa nia njema. Kama kweli mnaamini kuna maisha yasiyoisha mbele, kukosa cheo kunauma nini? Si ungekuwa umepotezea tu. Au hamuamini ila mnaimba?

Dada wa Zamu ya Usiku

@Chumvi_kidogo swali zuri mno na wakristo wengi tunalikwepa. Inauma. Paulo anaandika "dhiki yetu nyepesi" kwenye 2 Wakorintho 4, ukisoma peke yake unaweza kudhani huyu bwana maisha yalimnyookea, kumbe barua hiyo hiyo sura ya 11 anataja kupigwa na Wayahudi mara 5 viboko 40 kasoro kimoja, bakora mara 3, mawe mara 1, kuvunjikiwa meli mara 3. Na sura ya 1 anakiri walilemewa mpaka wakakata tamaa ya kuishi. Kwahiyo nyepesi hapo ni ya kwenye mizani, upande wa pili kuna kitu kizito zaidi. Hajasema haikuuma.

Mleta uzi, mi ni nesi. Nakwambia kitu ambacho pengine kitakushangaza, usitegemee msiba ukubadilishe. Mi nashika mikono ya watu wanaokata roho, nimeshapoteza hesabu, na nikitoka hapo nusu saa baadaye nagombania ratiba ya zamu kama nitaishi milele hapa hapa. Mshtuko wa kifo unaisha kama dawa ya ganzi. Ndo maana ile Zaburi 90 imeandikwa kama ombi, utujulishe kuzihesabu siku zetu, na inaitwa sala ya Musa, mtu aliyezika kizazi kizima jangwani. Kama Musa na misiba yote ile bado anaomba afundishwe, sisi tutajuaje wenyewe kwa msiba mmoja?

Kilichonisaidia mimi ni kitu kidogo hata aibu kukisema. Kazini nanawa mikono kabla na baada ya kila mgonjwa, zamu moja inafika mara nyingi tu. Nikinawa nasema kimoyomoyo "Bwana, huyu ni wako." Basi. Sifungi macho, sipigi magoti. Siku zingine nasema bila kuhisi chochote. Ila ukienda kwa mgonjwa umetoka kusema huyu ni wa Mungu, kumfokea kunakuwa kugumu kidogo. Baadaye ndo nikaja kusikia habari za Ndugu Lawrence, mtawa wa Paris aliyefariki 1691, yule alikuwa jikoni kwenye monasteri yao akasema kwake wakati wa kazi na wakati wa sala havikutofautiana. Sio kwamba nimefika huko, mi bado nagombania ratiba.

We huna sinki lakini una kitu unakifanya mara nyingi kwa siku. Kufungua kompyuta, kushika kitasa cha mlango wa bosi. Kitafute.

MsafiriBado

Dada umenigusa. Simu. Nashika simu kabla hata ya amina kukauka mdomoni, nasema mapenzi yako yatimizwe huku kidole kiko kwenye notifikesheni.

Mwanafunzi wa Neno

Naongeza kidogo tu, swali lako la kupunguza kazi halijajibiwa. Yule tajiri wa Luka 12 wengi tunasema kosa lake ni kujenga ghala. Hapana. Yusufu kwenye Mwanzo 41 alijaza maghala miaka 7 mfululizo na ilikuwa hekima kutoka kwa Mungu. Angalia tajiri anaongea na nani, anaongea na nafsi yake tu mwanzo mwisho, mavuno yangu, ghala zangu, vitu vyangu, hakuna mtu mwingine kwenye hiyo hadithi mpaka Mungu anapoingia usiku. Yusufu ghala zake zilikuwa na watu, mpaka ndugu zake waliomuuza wakaja kula humo. Kwahiyo kabla ya kupunguza masaa ungejiuliza hicho cheo ulichokitaka kilikuwa na nani ndani yake.

Na ukitaka mfano wa mtu wa ofisini ni Danieli. Mkubwa serikalini kabisa, fitina za wenzake juu, na wakikagua kazi yake hawaoni kosa. Hakuhama. Alikuwa na dirisha na saa tatu za kuomba kwa siku, nadhani wakubwa wenzake walikuwa wanazijua ratiba zake kuliko sisi tunavyojua zetu.

Askari wa Zamu

Saa tatu au mara tatu?

Mwanafunzi wa Neno

Mara tatu 🙏 nimeteleza, Danieli 6:10.

Mzee wa Kiti cha Nyuma

Mwanangu, shikamoo yako naipokea hata kama hujaitoa. Nimesoma wote, wamesema vizuri. Mimi nina maswali mawili wala sina mahubiri.

La kwanza, huyo kijana aliyepewa nafasi umeshampa mkono wa hongera? Maana hapo ofisini kwenu kiti kitachoka kitatupwa stoo, kompyuta hiyo hiyo, jina la cheo watalibadilisha wakija wakubwa wengine. Kitakachobaki ni yeye. Ulikuwa mwalimu wake, sasa hivi anakuogopa au anakutafuta?

La pili, marehemu ameacha familia? Miezi miwili sasa. Nimezika watu wengi na nimefiwa na mke, naujua mwezi wa pili. Wa kwanza nyumba imejaa watu mpaka unatamani waondoke, wa pili simu hailii. Umempigia mjane hata mara moja tangu tarehe ile?

MsafiriBado

Shikamoo mzee.

Sijapiga.

MsafiriBado

Wakuu nimerudi, siku tatu zimepita samahani kwa ukimya. Nilipiga usiku ule ule. Alipokea binti yake mkubwa, mama hakutaka kuongea mwanzoni, baadaye akachukua simu. Kumbe wanahangaika na mafao, kuna fomu inatakiwa isainiwe na mkuu wa kitengo na wameshakuja getini kwetu mara mbili wakaambiwa mhusika hayupo. Mimi nipo ghorofa ya juu muda wote huo nawaza kiti cha baba yao.

Mkuu wa kitengo sasa hivi ni nani? Kijana wangu. Ikabidi nigonge mlango wake. Dada wa Zamu, kitasa nilikishika nikasema ile sentensi yako, nilijisikia mjinga kabisa ila nikasema. Nikampa hongera kwanza, nilichelewa mwezi mzima nikamwambia hivyo hivyo. Akanyamaza afu akasema alikuwa anashindwa kuja kuniuliza mambo ya kazi, kuna faili tatu zimemkwamia. Fomu hajawahi hata kuiona. Kesho asubuhi tunaipeleka wenyewe kwa mama tukaijaze pale pale, mimi na yeye.

Usingizi bado haujakaa sawa, jana niliamka saa tisa nikaanza tena kuhesabu nani alisema nini kwenye kikao. Asafu wa Zaburi 73, yule aliyewaonea wivu waovu waliofanikiwa, naanza kumuelewa.

Mama_wawili, mke wangu kausoma uzi wote, anakusalimia sana, ameomba niache mlango wazi nikiwa nasoma na hesabu za darasa la nne zinanisubiri hapa mezani, sehemu, mi mwenyewe nishazisahau.

Fundi_Kimya

Tafuta kwanza asili za chini zifanane, afu jumlisha juu. Tupe mrejesho wa fomu.